Nani Kasema Kuchekesha ni Kazi Ndogo?

Sikilizeni, wenzangu. Siku hizi kijana akiandika shairi la kifo, tunampigia makofi. Akileta hadithi ya kuchekesha, tunamwuliza lini ataandika kitu cha maana. Upuuzi mtupu! Na shahidi ninaye: Ismail Yassin wa Misri.

Mzaliwa wa Suez, 1912. Aliingia Cairo akitaka kuwa mwimbaji wa mapenzi, lakini, masikini, kwa mdomo ule mpana! Akaacha kugombana na sura yake, akaifanya mtaji. Kwenye kundi la Badia Masabni akawa anaimba vichekesho, na 1939 akaingia kwenye sinema. Miaka ya 50 jina lake lenyewe likawa jina la filamu: Ismail Yassin jeshini (1955), kisha polisi, jeshi la majini, jeshi la anga.

Najua mtakachosema: eti hizo zilikuwa za kulipamba jeshi baada ya mapinduzi ya 1952. Zililipamba, sikatai. Lakini hebu tazameni nani anachekwa humo. Kuna kuruta anayeboronga kila amri, na kuna sajini Atiya, yaani Riad El-Kasabgi, anayefoka mpaka mishipa ya shingo inamtoka. Mtazamaji yuko upande wa nani, bwana? Si wa sajini.

Na Bi Hanafi, ya 1954? Dume linalombana dada wa kambo linaingia chumba cha upasuaji, linatoka mwanamke, halafu linaonja lenyewe adha ya kubanwa. Hadithi zetu nzito ngapi zimethubutu hivyo?

Tena, nyie mnaotaka kuwa waandishi: Abu al-Suud al-Ibyari mnamjua? Ndiye aliyemwandikia filamu chungu nzima, na pamoja wakaanzisha kundi la tamthilia 1954. Mdomo tunaukumbuka, aliyeutilia maneno hatuna habari naye. Hapo ndipo dharau yetu inaponiuma hasa.

Kundi lilifungwa 1966. Kodi ikamwandama Yassin, madeni yakamla. Akaenda Lebanon kuimba vichekesho vilevile vya ujanani. Alifariki Mei 1972, mfuko mtupu. Waliocheka walikuwa wapi?

Kikao kijacho naleta hadithi ya kondakta aliyepandwa na mama mkwe wake kwenye basi lake mwenyewe. Anayetaka kuniuliza lini nitaandika cha maana, aniulize akishamaliza kucheka.