Kabla Hujaisambaza

Tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba, wapo Wakenya wanaodhani kumchafulia mtu jina si kosa tena. Wamekosea sana. Kilichoondoka ni jela ya kifungu hicho. Madai ya fidia yapo palepale, na ibara ya 33 ya Katiba, ileile inayokupa uhuru wa kusema, ndiyo inayokuamuru uheshimu haki na jina la mwenzako.

Tazameni jambo la kila siku. Picha ya mama mmoja, mweka hazina wa chama, inaingia kwenye kundi la WhatsApp: "Huyu amekula pesa za wajane. Sambazeni." Nawe unaipeleka katika makundi mengine, ukiandika chini yake, "Nimetumiwa kama ilivyo." Maneno hayo hayakukingi hata kidogo. Mbele ya hakimu, aliyeirudia kashfa hawezi kujificha nyuma ya aliyeianzisha.

Utasema ni kweli. Haya, thibitisha! Ukweli ni utetezi kamili, lakini mzigo wa kuuonyesha ni wako uliyesema. Mama hadaiwi kuonyesha kuwa yu msafi. Una daftari la chama? Una shahidi aliyeona kwa macho yake, au "watu wanasema"? Wala usikimbilie kudai kuwa ni maoni tu, maana "amekula pesa" ni habari ya tendo. Ungeandika, "Uongozi wake haunipendezi, hesabu hazijasomwa mwaka mzima," na kweli hazijasomwa, hapo ungekuwa na pa kusimama.

Sisemi watu wanyamaze. Wezi wa vyama wapo, na wamewaliza wengi. Nasema mlalamikie mwenye wajibu wa kusikiliza: iandikie kamati, au nenda kituo cha polisi ukaandikishe taarifa. Malalamiko yaliyofikishwa mahali pake kwa nia njema sheria huyakinga, hata ikibainika baadaye kwamba ulikosea. Kinga hiyo huvunjika ikithibitishwa kuwa ulisukumwa na chuki, au ukiyamwaga maneno mbele ya wasiohusika, wakiwemo wakwe zake na wateja wake wa sokoni.

Kama umekwisha kutuma, usingoje barua ya wakili. Futa leo, kisha omba radhi kwa jina lako katika makundi yaleyale, kwa kuwa radhi ya mapema huweza kupunguza fidia. Naye aliyechafuliwa asilale: sheria ya Kenya inampa miezi 12 tu kufungua kesi.