Chumba cha Mtoto ni Sebule ya Pili

Imeenea siku hizi katika miji yetu, tangu Mombasa na Nairobi hata Dar es Salaam, itikadi ya kuwa mzazi mstaarabu na mwenye uwezo hujulikana kwa kumtengea mwanawe mchanga chumba chake mwenyewe, kilichopakwa rangi ya samawati au ya waridi, chenye kitanda cha vizuizi vya mbao, mapazia ya picha za twiga na wanasesere waliopangwa safu. Na kuwa yule alalaye chumba kimoja na mtoto wake ama ni fukara asiye na hila, ama ni mshamba aliyeng'ang'ania mambo ya bibi zake. Itikadi hii naiona batili, na linalonistaajabisha zaidi ni kwamba aghalabu wanaoishika kwa nguvu ni watu waliosoma, ambao katika mambo mengine hawakubali neno pasipo ithibati.

Tumtazame kwanza huyo mwenye chumba. Mtoto wa siku chache haoni vema kitu kilicho mbali kupita sentimita 20 au 30, masafa ambayo, kwa hekima ya Muumba, ndiyo yaliyo baina ya titi na uso wa mama. Twiga wa pazia kwake hayupo. Tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama husagika upesi, kwa hiyo huamka kila baada ya saa 2 au 3, usiku kama mchana. Wala haanzi kwa kulia. Huanza kwa kujinyonganyonga, akageuza kichwa huku na huku, akafumbua kinywa kutafuta, akatia ngumi mdomoni na kuinyonya. Kilio ndicho cha mwisho, na akishafika hapo huwa amekwisha kuhamaki hata titi lenyewe hulishika kwa taabu. Mama aliye umbali wa kunyoosha mkono huyasikia hayo yote katika usingizi wake mwepesi, akamnyonyesha kabla nyumba haijaamka. Ilhali mama aliye ng'ambo ya ukumbi husikia kilio tu, hukurupuka, hupapasa gizani, hukaa kitini nusu saa, kisha hurudi kitandani usingizi umekwisha kumpaa. Na haya ndiyo mapumziko tuliyoahidiwa! Wengine hununua chombo cha kunasa sauti ili wamsikie kutoka chumba cha pili: wametoa fedha kumweka mtoto mbali, kisha wakatoa fedha tena kumleta karibu.

Tutajibiwa kwamba mtoto asizoeshwe mikono, kwamba akilala na wazazi atadeka, hatakuwa jasiri, hatajitegemea. Fikira hii ina nasaba, na nasaba yake si ya pwani. Mwaka 1894 tabibu wa New York, Luther Emmett Holt, alitoa kitabu cha malezi kilichowafundisha akina mama wa Marekani kuwa kilio ni mazoezi ya mtoto. Na mwaka 1928 mwanasaikolojia John B. Watson akawausia wazazi wasiwapakate wala wasiwabusu watoto wao, bali asubuhi wapeane nao mikono, kama makarani wawili wakutanao ofisini. Katika hospitali za huko watoto wachanga wakawa wanatengwa na mama zao, wamepangwa nyuma ya kioo, wakipelekwa kunyonya kwa saa. Sisi tuliyapokea haya kuwa ndiyo elimu, na hatukupata habari kwamba waliotuletea wamekwisha kuyaacha: mwaka 1991 Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalianzisha mpango wa hospitali rafiki kwa mtoto, ambao moja ya masharti yake 10 ni mama na mwanawe wakae pamoja usiku na mchana, na chama cha matabibu wa watoto cha Marekani, katika nasaha zake za mwaka 2022, kinataka mtoto alale chumbani mwa wazazi, karibu na kitanda chao, kwa uchache miezi 6 ya kwanza.

Fauka ya hayo, ukaribu huo si suala la mapenzi matupu. Njia ambayo wauguzi wetu huiita kangaroo, ya mama kumfunga mtoto njiti kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu mashine za kuwatia watoto joto hazikutosha. Na utafiti uliotangazwa mwaka 2021, uliofanywa katika nchi 5, Tanzania ikiwa mojawapo, ulionyesha kwamba watoto wa uzito wa chini ya kilo 1.8 walioanzishwa njia hiyo mara baada ya kuzaliwa walikufa kwa uchache wa robo kuliko waliosubirishwa mpaka hali zao zitulie. Ikiwa kifua cha mama humfaa mtoto dhaifu kiasi hicho, seuze chumba chake kwa mtoto mzima wa afya?

Kuhusu faragha ya mume na mke, ambayo nayo hutajwa kwa sauti ya chini, sitasema mengi: babu zetu waliolala chumba kimoja na watoto hawakukosa kuzaa wengine.

Hapa nawasikia watetezi wa mila wakipiga vigelegele, nami nawaomba wangoje kwanza. Kusema mtoto alale chumbani mwa mama si kusema alale popote chumbani humo. Kitanda cha bibi kilikuwa cha kamba, kigumu, na mkeka juu yake. Cha mjukuu kina godoro la sponji linalobonyea, mito minne, blanketi la manyoya, na pengine mume aliyerudi usiku ananuka sigara au pombe. Juu ya kitanda cha namna hiyo mtoto aweza kuzibwa pumzi pasipo mtu kujua, na kochi ambalo mama aliyechoka husinzia naye kifuani ni hatari kubwa zaidi. Tena wako wanaomlaza mtoto kifudifudi ili usingizi umkolee, hali ya kuwa Marekani, tangu ilipoanza mwaka 1994 kuwahimiza wazazi wawalaze chali, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa kiasi cha nusu katika muda usiofika miaka 10. Na katika miji ya baridi kuna jiko la mkaa linaloingizwa chumbani, milango na madirisha yakafungwa. Moshi wake usioonekana huua mtoto na wazazi pamoja.

Basi kitanda kile kidogo, maadamu kimekwisha kununuliwa, kitolewe chumba cha pili kisogezwe ubavuni mwa kitanda cha mama. Yatolewe mito, wanasesere na vitambaa vya kuzungushia kingo, libaki godoro gumu lenye shuka iliyobanwa, na chandarua juu yake. Asiye na kitanda cha mtoto hana sababu ya kukopa. Mpangaji wa chumba kimoja Manzese, anayedhaniwa ni mnyonge, amekwisha kumpatia mwanawe nusu ya haki yake bila ya gharama. Lililobaki ni malalo magumu ya peke yake na kulazwa chali.

Na chumba cha twiga kisikae kitupu. Bibi aliyesafiri kutoka Tanga au Pemba kuja kumwangalia mzazi mpaka arubaini itoke, ambaye katika nyumba hizi mpya hutandikiwa godoro chini sebuleni na kuamshwa na televisheni ya watu wengine, apewe yeye hicho chumba, na mlango wake, na funguo.