Mdudu wa Shai-Hulud: Kwa nini msimbo unapaswa kuomba ruhusa kwanza

Ukifungua app mpya kwenye simu, inakuuliza: naruhusiwa kutumia kamera? Naruhusiwa kuona namba zako? Unaweza kukataa. Lakini wanaotengeneza app hizo mara nyingi hawaulizwi swali kama hilo.

Septemba 2025, mdudu aliyepewa jina Shai-Hulud alisambaa kwenye npm, ghala kubwa la vifurushi vya lugha ya JavaScript. Si vifurushi vya bando. Hivi ni msimbo ulioandikwa na watu wengine, ambao mtengenezaji anaupakua ili asianze kazi kutoka sifuri. Zaidi ya vifurushi 500 viliathirika.

Aliingiaje?

npm iliruhusu kifurushi kiendeshe amri zake mara tu kinaposakinishwa. Mlango ndio huo. Mdudu alipekua kompyuta akitafuta nywila na tokeni, akazianika hadharani kwenye GitHub, kisha akatumia tokeni hizo kuambukiza vifurushi vingine vya mwathirika. Novemba likaja wimbi la pili.

Dawa yake ni ya zamani

Lugha ya Tcl ililifanyia kazi tatizo hili tangu miaka ya 1990. Msimbo usioaminika unawekwa kwenye chumba chake: haufungui faili ovyo wala hauendeshi programu nyingine. Ukihitaji kifurushi, unaomba kwa programu kuu inayousimamia. Hiyo inaangalia kama kifurushi kiko kwenye folda zilizoruhusiwa, ndipo inakitoa. Hata jina halisi la folda msimbo hauambiwi.

Ni kama duka la mtaani lenye nondo dirishani. Unataja unachotaka, muuzaji anakuletea. Huingii ndani kujihudumia.

Nani anafuata njia hiyo sasa?

Ryan Dahl, aliyeanzisha Node.js mwaka 2009, alisimama jukwaani 2018 akataja mambo anayojutia, usalama ukiwemo. Akaja na Deno, ambayo msimbo wake haugusi faili wala mtandao bila ruhusa. Januari 2025, pnpm, mshindani wa npm, nayo iliacha kuendesha amri za vifurushi hadi mtumiaji akubali.

Tatizo linalobaki ni sisi

Ruhusa inachosha. Deno ina njia ya mkato ya kuruhusu kila kitu kwa mkupuo, na mwenye haraka ataitumia, kama wewe unavyobonyeza "Ruhusu" bila kusoma. Na uzio hauzuii kila kitu: kifurushi ulichokipa mtandao kwa kazi halali kinaweza kuutumia kuiba.

Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mwizi aliyefunguliwa mlango mmoja na yule aliyekuta nyumba nzima wazi. Nywila ya mtengenezaji ikiibwa, taarifa zako zilizo kwenye app yake nazo ziko hatarini. Na wewe hukuulizwa.