Madoa ya Chunusi Yasiwe Mtaji wa Walanguzi

Chunusi ni maradhi ya ujana, na kwa kawaida hupita. Alama zake ndizo zisizopita upesi. Katika kila ofisi ya Serikali na katika kila chumba cha walimu hapakosi mtu ambaye chunusi zake zilikwisha kukauka zamani, naye angali akibeba usoni madoa meusi zilizoyaacha. Huyo ndiye anayewindwa na wauza vipodozi, na neno wanalomwendea nalo siku hizi ni retinoli. Linaandikwa kwa herufi kubwa juu ya chupa za vioo, linatangazwa katika simu za mkononi, na limekwisha kuingia hata katika mazungumzo ya wanafunzi wa sekondari. Ahadi inayofuatana nalo ni ile ile: uso safi katika siku saba.

Ni lazima isemwe mapema kwamba retinoli yenyewe si ulaghai. Ulaghai umo katika zile siku saba.

Retinoli ni ya jamii ya vitamini A. Ikipakwa, ngozi huigeuza hatua kwa hatua mpaka ikawa asidi ya retino, na asidi hiyo ndiyo ifanyayo kazi. Huharakisha ngozi ya juu kujibadili, huzuia vitundu vya vinyweleo visizibe, na baada ya muda mrefu huisaidia ngozi ya ndani kujenga nyuzi mpya. Sehemu kubwa ya nguvu hupotea njiani katika mageuzi hayo. Kwa hiyo retinoli ya dukani ni dhaifu kuliko dawa ya hospitali iitwayo tretinoini, ambayo ni asidi hiyo yenyewe.

Wananchi wengi huita alama zote za chunusi makovu, na hapo ndipo fedha zao zinapoanza kupotea. Doa jeusi lililo sawasawa na ngozi si kovu. Ni rangi ya asili ya ngozi iliyomwagika kwa wingi mahali palipovimba, na ngozi nyeusi, kwa kuwa ina rangi hiyo tele, hupata madoa hayo zaidi na hukaa nayo muda mrefu. Hili ndilo linaloitikia vizuri dawa za jamii ya retinoli. Kishimo ni jambo lingine: hapo nyama ya ngozi imepotea, na krimu yaweza kukipunguza kidogo tu, kinahitaji mkono wa daktari. Ama kovu lililotutumka na kuwa gumu, ambalo huwapata sana watu weusi, retinoli si dawa yake kabisa.

Ushahidi kuhusu madoa upo. Mwaka 1993 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walitangaza matokeo ya uchunguzi uliowahusu watu weusi 54 waliokuwa na madoa yaliyoachwa na maradhi ya ngozi. Baadhi yao walipewa tretinoini, wengine wakapewa krimu tupu isiyo na dawa, wala hawakuambiwa nani kapewa nini. Mwishowe, madoa yalikuwa yamefifia kwa asilimia 92 ya waliopaka dawa, na kwa asilimia 57 ya waliopaka krimu tupu. Nusu ya waliotumia dawa waliwashwa na kubabuka ngozi kwa kiasi fulani. Kazi hiyo yote ilichukua wiki 40.

Wiki 40 ni muda wa mimba kufikia kuzaliwa mtoto. Na hao asilimia 57, ambao hawakupata dawa yoyote, wanastahili kufikiriwa na kila mwenye mshahara mdogo: zaidi ya nusu walipata nafuu kwa kupita kwa wakati tu. Hizi si tarakimu zinazomfaa mtangazaji wa chupa.

Sasa, kama dawa ya hospitali yenye nguvu huhitaji miezi, ni kitu gani kinachong'arisha uso katika siku saba? Jibu linajulikana mitaani kwa jina la mkorogo. Ndani yake mna haidrokwinoni, au zebaki, au dawa za steroidi, na mara nyingine vyote pamoja, vimekorogwa bila kipimo na mtu asiyejua tofauti ya kijiko na sumu. Steroidi hutuliza uvimbe haraka, na ndiyo maana mteja husifu siku za kwanza. Kisha ngozi huwa nyembamba kama karatasi, mishipa huonekana, na chunusi hurudi kwa wingi, safari hii zikizaliwa na dawa yenyewe. Zebaki hupenya mwilini na kuharibu figo. Haidrokwinoni ikitumiwa miaka mingi huweza kuleta weusi wa rangi ya buluu usiotoka tena. Balaa hilo lilionekana sana Afrika Kusini, na mwaka 1990 nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi. Mtu aliyeanza kwa kutaka kufuta doa moja shavuni humaliza akiwa na uso mzima wa kuficha.

Nchi hii haikuanza jana kupambana na chupa hizo. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na dawa za kujichubua zikawekwa katika orodha moja na sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana. Nia ilikuwa kumwondolea Mwafrika kasumba ya kuionea haya ngozi yake, na nia hiyo haijachakaa hata leo. Lakini marufuku pekee haiwezi kumtenganisha anayetafuta weupe na anayetafuta tiba. Msichana mwenye madoa ya chunusi akikemewa sawasawa na mwenye kujichubua, wala asielekezwe pa kwenda, atarudi kwa muuza mkorogo, kwani huyo angalau humpokea.

Wala ujuzi wa dawa hii si zawadi ya bure kutoka nchi za mabepari. Tretinoini iliruhusiwa kutumika kwa chunusi nchini Marekani mwaka 1971, na daktari anayehesabiwa kuwa mwasisi wake ni Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Tangu mwaka 1951 hadi 1974 daktari huyo aliongoza majaribio ya dawa na kemikali za kila namna juu ya miili ya wafungwa wa gereza la Holmesburg mjini Philadelphia. Wengi wao walikuwa watu weusi, waliolipwa vijisenti na ambao hawakuelezwa wazi walichokuwa wakipakwa. Dawa hii nayo ilipitia katika ngozi zao. Kitivo cha udaktari cha chuo hicho kiliomba radhi mwaka 2021, na Jiji la Philadelphia mwaka 2022, wakati ambapo wengi wa wafungwa hao walikuwa wamekwisha kufa. Ujuzi ulionunuliwa kwa ngozi ya mtu mweusi haufai kumrudia mtu mweusi ukiwa umefichwa ndani ya chupa ya bei ya kuruka.

Ujuzi wenyewe si mgumu. Dawa hupakwa usiku, kwa kuwa mwanga huiharibu. Kiasi cha punje ya njegere chatosha uso mzima. Huanza kwa siku mbili au tatu katika wiki, ngozi ikizoea ndipo huongezwa. Anayebabuka sana apunguze, asijikaze kiume, kwani kwenye ngozi nyeusi muwasho wenyewe huacha doa jipya. Mjamzito na anayetazamia kushika mimba asiiguse. Mchana jua huyarudishia madoa weusi wake, na mwalimu anayesimama uwanjani kwa gwaride la asubuhi na kusimamia shamba la shule adhuhuri, bila kofia wala mafuta ya kukinga jua, hubomoa kila alichojenga usiku. Tena retinoli huharibika kwa joto. Chupa iliyopangwa juani kwenye meza ya Kariakoo tangu asubuhi yaweza kuwa imebakiwa na jina tu.

Mahali pa kuuliza ni zahanati na hospitali. Tangu mwaka 1992 mjini Moshi kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa ngozi ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika, na Moshi hiyo hiyo imewahi kutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Uwezo upo, ila haujashuka mpaka kwenye zahanati ya kata, ambako mwenye chunusi bado huambiwa kwamba hana ugonjwa. Shuleni nako mwalimu wa baiolojia aweza kueleza katika kipindi kimoja kwa nini chunusi haiminywi, na kwa nini si uchafu wala si dalili ya uhuni, jambo ambalo baadhi ya walimu wenyewe hulitania mbele ya darasa.

Usimamizi wa vipodozi ulikabidhiwa Shirika la Viwango Tanzania mwaka 2019. Wakaguzi wanaofungua makontena bandarini wanafanya kazi ya lazima, lakini mkorogo wenyewe haupiti bandarini. Hukorogwa katika vyumba vya nyuma vya saluni, hutiwa katika vikopo visivyo na jina, na hupelekwa maofisini siku ya mshahara. Huko ndiko ukaguzi unakotakiwa kufika, na katika ofisi nyingi muuzaji anajulikana kwa jina na meza yake inajulikana.