Nyumba ya Tabibu wa Lichfield

Mjini Lichfield, nchini Uingereza, jirani na kanisa kuu lenye minara mitatu iliyochongoka, ipo nyumba aliyoishi tabibu Erasmus Darwin, babu yake mwanazuoni Charles Darwin, hadi mwaka 1781. Naye alipoipata ilikuwa jengo la kale la miti, wala hakulibomoa, bali aliliwekea mbele uso mpya wa matofali, wenye ulinganifu na madirisha mapana ambayo kila moja lina tao katikati na vipenyo vyembamba ubavuni, kwa mtindo uliotukuzwa zama za wafalme walioitwa George.

Wapo wasemao kuwa uso usiofanana na kiwiliwili ni hadaa. Sikubaliani nao hata kidogo, kwani madirisha yale yaliingiza nuru vyumbani, na handaki la zamani lililojaa miiba mbele ya mlango, tabibu alilijengea daraja pana la ngazi za taratibu, akalisafisha na kupanda mawaridi. Kwa hiyo wanaotamani kuambua matofali ili miti ya kale ionekane wangeidhulumu nyumba hiyo nusu ya umri wake.