Inhela Haimzoeshi Mtu

"Usimwanzishie inhela, atazoea." Maneno hayo utayasikia kwa bibi, kwa jirani, kwa muuza duka la dawa, na wakati mwingine kwa mhudumu wa zahanati mwenyewe. Husemwa kwa nia njema, ndiyo maana hakuna anayeyakemea. Mimi nayakemea hapa, kwa kuwa yanaua watu.

Mtazame mama lishe aliyepikia kuni miaka yote. Kifua kimembana, kinapiga miluzi, anaingia duka la dawa jioni. Anaulizwa anataka ya kuvuta au ya kumeza. Anachukua ya kumeza, maana ameambiwa ya kuvuta ni kali na ni ya waliokwisha kuzidiwa. Anafungiwa vidonge vya salbutamol kwenye kibahasha. Tupige hesabu basi. Mvuto mmoja wa inhela una mikrogramu 100 za dawa hiyo. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina mikrogramu 4,000, yaani dawa ileile mara 40. Inhela hupeleka kiasi chake kidogo moja kwa moja kwenye njia za hewa, na nafuu huja ndani ya dakika chache. Kidonge kinapitia tumboni, kinaingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, huku moyo ukienda mbio na mikono ikitetemeka. Aliyekimbia dawa kali ameondoka nayo mkononi.

"Lakini mbona fulani alianza inhela na mpaka leo hajaiacha?" Swali ni la haki, na hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Pumu ni uvimbe wa kudumu ndani ya njia za hewa. Inhela ya salbutamol, ambayo mara nyingi ni ya bluu, huzilegeza njia zilizobana ili mtu apumue. Uvimbe inauacha palepale. Inayotuliza uvimbe ni nyingine, ya steroidi kama beklometasoni au budesonidi, nayo hutumika kila siku hata mgonjwa akijisikia mzima. Kwetu wengi hupewa ile ya bluu peke yake. Uvimbe unaendelea, anabanwa tena, anavuta tena, anazidisha, na majirani wanatikisa vichwa: umeona, imemzoesha! Kinachomrudisha kwenye inhela ni ugonjwa ambao haujatibiwa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, haupendekezi tena watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa ya kulegeza peke yake. Anayemaliza makopo 3 au zaidi ya bluu kwa mwaka yumo hatarini kubanwa vibaya. Huyo usimnyang'anye inhela. Muongezee ya pili.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi maskini kama zetu, ilhali inhela za aina zote mbili zimo katika orodha ya dawa muhimu ya shirika hilohilo. Na mama lishe wetu pengine hana pumu hata kidogo. Huenda ana ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa unaoletwa na sigara na moshi wa kuni. Mapafu yaliyoharibika hayarudi yalivyokuwa, lakini inhela ingempunguzia kuhema na angeweza kupanda kilima kwenda sokoni.

Wapo wanaosema mtoto hawezi kuivuta sawasawa. Kweli, ukimpulizia mdomoni tu, dawa nyingi huishia kwenye ulimi na koo. Ndiyo maana kuna spesa, kile chombo kinachoikusanya dawa ili mtoto aivute taratibu. Na isipopatikana? Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kutumia chupa ya plastiki ya mililita 500 kwa watoto waliobanwa na pumu. Chupa inatobolewa kitako tundu la kutosha mdomo wa inhela, pembeni panazibwa kwa gundi, mtoto anapumulia kwenye mdomo wa chupa. Ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Chupa za namna hiyo zimetapakaa kila mtaa, na bado wazazi wanahangaika na bodaboda usiku wa manane kumpeleka mtoto akavutishwe dawa kwa mashine.

Imani hii kwamba inhela humzoesha mtu inawafaa sana wenye kupanga bajeti. Kama wananchi wenyewe wanaikimbia inhela, nani atamuuliza waziri kwa nini beklometasoni haipo zahanati? Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Kenya ikaanza na mamlaka yake ya bima ya afya, SHA, Oktoba 2024. Inhela ya kutuliza uvimbe iwekwe kwenye kifurushi cha chini kabisa, na ipatikane kijijini kama inavyopatikana dawa ya malaria.

Nawe muuza duka la dawa, mteja anayerudi kwako kila mwezi kwa vidonge vya kifua au kopo la bluu, usimuuzie tu ukanyamaza. Mwambie ipo dawa ya pili, na umwelekeze kwa daktari siku hiyohiyo.