Bwato si muti tu

Mara nyingi tunasikia wazee wetu wakisema: « Bwato ni muti. Ile ya povu na plastiki ni mchezo wa watoto. » Kwa heshima yote tuliyo nayo kwao, tunakataa.

Tuanze na maji yenyewe. Ziwa Tshangalele, ambalo watu wa Likasi tunakula samaki wake, si la mababu. Lilizaliwa na bwawa la Mwadingusha juu ya Lufira, mwaka 1930, sababu Union Minière ilitaka umeme. Wavuvi wakaingia na bwato zao juu ya maji mapya. Nyavu pia: zile za nyuzi za miti ziliondoka, nailoni ikaja. Nani leo anamwambia mvuvi wa nailoni kwamba amesahau desturi?

Na huo muti uko wapi? Miti minene inaishia katika mifuko ya makala. (Bukari yetu sisi wenyewe inapikwa na makala hayo, tusijifanye watakatifu.)

Kijana anayejenga bwato ya povu nyumbani hachezi. Anakata povu gumu, kama lile la ndani ya ukuta wa frigo, analipa umbo, kisha analifunika ndani na nje kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa rezini. Povu peke yake ni dhaifu. Ngozi zile mbili njo zinabeba nguvu. Akichukua lile jeupe la kartoni ya televisheni na kulipaka rezini ya poliesta, litayeyuka mbele ya macho yake, linataka epoksi. Hayo atayasoma. Lakini upana wa tumbo, mwinuko wa pua, namna bwato inavyotulia mvuvi akisimama kutupa wavu, hayo yako katika macho ya mzee mchongaji.

Kule Lamu, Kenya, fundi Ali Skanda na wenzake waliyatumia macho hayo juu ya plastiki iliyookotwa. Jahazi yao Flipflopi, ya mita 9, iliingia majini mwaka 2018, ikiwa imefunikwa kwa vipande vya ndala, na mwaka 2019 ikafika Zanzibar.

Jambo moja tunawapa wazee haki: povu lililoachwa wazi linavunjika vipande vidogo, na vinabaki ziwani. Basi mzee amwambie kijana hivyo, akiwa amekaa naye chini ya muembe, siku ile anapokata pua. Akikataa kwenda, kijana atatoa beseni, na mvuvi atapinduka nalo.